Gazeti Lina Watu Tisa, Mtoto Wangu Watatu

Nitaanza na kosa langu, kwa sababu kila mtu wa kwetu ninayemsimulia habari hii analiruka ili anifurahishe, na mimi sitaki kufurahishwa. Nilimzuia binti yangu asiende kwa baba yake kwa wiki tano. Alikuwa na miaka minne. Baba yake alikuwa amemrudisha kwangu Jumapili moja kichwa kimepitishwa mashine kama kuruta wa jeshi, eti nywele zake zilimshinda kuchana. Hakuniuliza. Sikupiga kelele. Nilimpokea mtoto, nikafunga mlango, na Ijumaa iliyofuata alipokuja kwangu Hagsätra, hapa Stockholm, kumchukua, sikufungua. Ijumaa ya pili vilevile. Alikuwa anagonga polepole, kistaarabu, na kila akimaliza kugonga anaandika kwenye simu yake: tarehe, saa, amesimama dakika ngapi. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki na kuimba kwa nguvu, asikie nina raha.

Nchi hii mzazi anayemficha mtoto asimwone mzazi mwenzake amejiharibia mwenyewe, hata awe anamlisha vizuri na kumlaza mapema. Nywele ziliota. Faili la kesi halikupungua hata ukurasa mmoja.

Baba yake ni Mkenya, yuko kiwanda cha malori mji wa Södertälje, ana mkataba wa kudumu na sauti ya chini. Mimi nimeishia kidato cha nne Tanga, nilikuja huku kama mke, nikaacha kuwa mke, na kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wazee wa Kiswidi kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwavalisha soksi za kubana. Sauti yangu si ya chini. Alipofungua kesi hakuomba wikiendi zaidi. Aliomba mtoto akae kwake na mimi niwe mgeni wa mtoto.

Kaka yangu yuko Marekani, Ohio. Nilimpigia nikilia. Akaniambia nisikubali kabisa jaji mmoja anikalie kichwani.

"Dai juri," alisema. "Watu kumi na wawili, raia wa kawaida, ndio wanaoamua. Mimi mwenyewe nilipopata uraia waliniita, nikakaa siku nne, kesi ya jamaa aliyeiba gari. Tulikuwa na fundi bomba, na dereva wa basi la shule, na bibi mmoja anafuga mbwa. Serikali nzima imesimama mbele yetu inatubembeleza! Mwanasheria wa serikali na tai yake anamwangalia fundi bomba kama mungu."

"Hiyo ilikuwa mahakama ya jimbo au ile kubwa?"

"Ya jimbo. Lakini hata ya shirikisho ni hivyohivyo, haki ni ileile, imeandikwa kwenye katiba. Hawawezi kukunyima, dada. Na huko Ulaya ndiko mambo haya yalikotoka."

Nilimwamini. Kaka yangu akisema kitu anakisema kama anakisoma ukutani. Wiki nzima nikiwa kwenye treni nilikuwa nawapanga watu wangu kumi na wawili. Mmoja awe mama aliyewahi kuachwa. Mmoja awe anajua nywele zetu. Mmoja awe na hasira kama zangu, ili aelewe kwamba mtu anaweza kufunga mlango na bado akawa na akili timamu. Kwetu Tanga nilipokuwa mdogo, jirani yetu alikuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, anakaa na hakimu kumshauri. Alikuwa anasinzia, kila mtu anajua anasinzia, lakini alikuwa anajua nani ni mlevi na nani ni mwongo mtaani pale. Nilitaka watu wa namna hiyo. Watu wa kunijua.

Nilipomwambia wakili wangu kwamba nadai juri, aliniangalia kama ninavyowaangalia wazee wangu wakiniambia mume marehemu ametoka kidogo kwenda dukani.

"Juri tunayo," alisema. "Lakini ni ya kesi za magazeti na vyombo vya habari. Gazeti likishtakiwa kwa lilichoandika, wanakaa raia tisa."

"Tisa."

"Tisa."

"Na mtoto?"

"Mtoto anaamuliwa na jaji mmoja na nämndemän watatu." Akanieleza hao ni akina nani: si wanasheria, ni raia wanaopendekezwa na vyama vya siasa, wanakaa kando ya jaji, na kila mmoja ana kura yake sawa na ya jaji. Nikaelewa mara moja. Wazee wa baraza, ila hawa wana kura kweli, na wameletwa na vyama.

"Kwa hiyo gazeti lina watu tisa na mtoto wangu watatu."

Alisema hata huko Marekani kesi ya mtoto akae kwa nani, karibu majimbo yote, jaji anaamua peke yake. Juri ni ya makosa ya jinai, tena yasiwe madogo sana, na ya baadhi ya madai. Nilimtumia kaka ujumbe palepale. Alichukua siku mbili kujibu. "Eh. Hiyo sikuijua." Basi. Hilo ndilo alilokuwa nalo.

Siku ya kesi ilikuwa Novemba, ile mvua yao ambayo si mvua wala theluji. Nilifika mahakamani mapema kuliko wakili wangu. Lifti ilikuwa imefungwa, inatengenezwa, na ngazini, chini kabisa, alikuwepo mama wa umri wa bibi yangu, amejitanda kitenge shingoni juu ya koti la sufu, anavuta begi la magurudumu ambalo gurudumu moja limekufa. Alikuwa amepanda ngazi tatu amesimama, anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Ee, wa nyumbani! Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Mimi Morogoro. Lakini zamani, hata Morogoro yenyewe imenisahau."

"Lete begi, mama."

"Acha, zito hilo. Nimejaza makaratasi na maandazi, sijui kipi kina uzito zaidi."

"Lete bwana."

Nikalibeba. Jamani, sikufikiri. Mtu mzima anapanda ngazi na mzigo, wewe una mikono miwili mitupu, utapita hivihivi? Kwetu mtoto wa miaka sita anajua kumpokea mtu mzigo. Nimezunguka Stockholm miaka minane nikiwapokea mizigo watu wanaoshtuka wakidhani ni mwizi. Huyu hakushtuka. Aliliachia begi kama mtu aliyelisubiri tendo hilo siku nyingi, akashika mkono wangu wa pili, tukapanda. Na kwa sababu alinishika mkono, nikaanza kusema. Sikuulizwa. Nilijisemea mwenyewe.

"Mama niombee leo. Baba wa mwanangu anataka kuninyang'anya mtoto."

"Pole mwanangu. Pole sana. Mtoto ni wa mama yake, Mungu anajua hilo. Usilie, utaingia humo macho mekundu." Akanitolea kitambaa mkononi mwa koti. Tukapanda tena kidogo, halafu akauliza, "Ni leo? Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Chumba gani?"

"Cha saba."

Mkono wake ukatoka kwenye mkono wangu. Tulikuwa tumefika juu. Akachukua begi lake, akasema, "Asante, inatosha," na akaondoka kwa haraka kuliko nilivyodhani anaweza kwenda, gurudumu bovu linaburuzika sakafuni. Nilidhani nimemchosha na shida zangu. Nikageuka, na kwenye benchi la korido, na kikombe cha kahawa, amekaa baba wa mtoto na wakili wake. Alikuwa ameona yote. Alinyanyua kikombe kidogo, kama salamu.

Tulipoitwa ndani, jaji alikuwa mama mwenye miwani, na pembeni yake watu watatu. Mzee mmoja mwenye kifaa cha kusikia. Msichana wa umri wangu mwenye pete ya pua. Na mama wa Morogoro, kitenge bado shingoni.

Nitasema ukweli wa nilichohisi. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, kwa tamaa, kama mtu aliyeona jina lake kwenye orodha. Katika watu wote wa mji huu nimepewa mmoja anayejua wiki tano ni nini na kichwa kilichonyolewa ni nini. Nilikaza uso usionyeshe. Jaji akauliza kama anavyouliza kila siku, kama kuna kizuizi chochote cha kuendelea na kesi. Wakili wangu akasema hakuna. Wakili wa baba wa mtoto akaanza kusimama. Lakini mama wa Morogoro alikuwa ameshainua mkono.

Alisema kila kitu, kwa Kiswidi chenye lafudhi ileile ya kwangu. Kwamba hiki ni kikao chake cha pili tu tangu ateuliwe. Kwamba amekutana ngazini na upande mmoja wa kesi bila kujua. Kwamba nimembebea begi. Kwamba nimemwambia habari za kesi, na yeye amejibu, na akalirudia jibu lake neno kwa neno kwa Kiswidi: mtoto ni wa mama yake. Kwa Kiswidi maneno hayo yalikuwa ya kutisha, kama hukumu imeshatolewa. Kwa Kiswahili yalikuwa pole tu. Wakili wangu aligeuka akanitazama na midomo yake ikasema bila sauti: kwa nini hukuniambia?

Kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba nimemsalimia mtu?

Jaji alimshukuru yule mama kwa uaminifu wake, akamwondoa kwenye kesi, akaahirisha kwa saa moja ili atafutwe mwingine. Nikamkuta koridoni anavaa koti. Nilisimama mbele yake.

"Mama, kwa nini?"

"Usiongee na mimi, mwanangu. Anatuangalia yule."

"Si ungenyamaza tu! Nani angejua?"

"Yeye angejua." Hakuonyesha kwa kidole, alionyesha kwa macho tu. "Tena anakijua Kiswahili. Angengoja hukumu, ikiwa nzuri kwako angeipeleka mbele na kuivunja. Na mimi ningejua. Niache nipite."

"Umeniua, mama."

Alisimama. Nadhani alitaka kunigusa. Halafu akashika mkono wa begi lake akashuka nalo, ngazi moja moja, likigonga kila ngazi, na mimi nilisimama pale juu sikumsaidia.

Baba wa mtoto alikuja kutupa kikombe chake karibu yangu. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili wakili wake asielewe, "Nyinyi Wabongo na hizo heshima zenu. Ona sasa zimekufikisha wapi."

"Hongera. Umeshindana na bibi kizee."

"Si ni wewe umemfukuza? Mimi nimekunywa tu kahawa yangu."

Na hapo, lazima niseme, hakudanganya.

Aliyeletwa badala yake alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, aliyefika na kofia ya baiskeli mkononi na suruali imelowa magotini. Aliomba maji. Aliomba radhi kwa kuchelewa, kana kwamba tulikuwa tunamsubiri yeye. Kisha alianza kuandika na hakuacha siku nzima. Kila niliposema kitu, aliandika. Baba wa mtoto alipotoa orodha yake ya Ijumaa tano na dakika zake, aliandika zaidi. Nilimchukia kwa hiyo kalamu. Nilimwomba Mungu ikauke wino.

Niliulizwa na wakili wa baba wa mtoto: "Ukirudi nyuma, ungefanya tena vilevile?"

Tulikuwa tumelifanyia mazoezi swali hilo na wakili wangu, mara nne, ofisini kwake. Jibu lilikuwa: hapana, najuta, nimejifunza kushirikiana. Nililijua kama sala. Nikafungua mdomo na nikasema, "Akimnyoa tena bila kuniuliza, ndiyo."

Wakili wangu alifumba macho. Msichana mwenye pete ya pua alinitazama, na nitaapa kwamba alitaka kucheka, si kwa ubaya. Mwanamume wa baiskeli aliandika.

Jioni ya siku hiyo kaka alinipigia kutaka kujua mambo yamekwendaje. Nikamwambia habari ya begi.

"Huku," alisema, "mtu wa juri unapewa beji unaivaa kifuani. Mshtakiwa akikupita hata salamu hujibu. Walituambia siku ya kwanza: mkikutana nao lifti, angalieni sakafu."

"Na hukuniambia hilo?"

"Nilidhani unajua."

"Ulinieleza mpaka bibi anayefuga mbwa! Hukuweza kunieleza nisisalimie watu?"

"Dada, nani anaweza kumwambia mtu wa kwetu asisalimie?"

Nikakata simu.

Hukumu ilikuja baada ya wiki tatu. Nilikuwa kazini, jikoni kwa bibi mmoja ninayemhudumia, nasubiri kahawa yake ichuruzike. Nilifungua kwenye simu. Sikuelewa, nikasoma tena kuanzia mwisho. Mtoto anahamia kwa baba yake. Mimi nampata wikiendi moja kati ya mbili, na nusu ya likizo. Ianze kutumika mara moja, hata kukiwa na rufaa. Sababu: baba ndiye anayeaminika kumwezesha mtoto kuwaona wazazi wote wawili. Ushahidi: wiki tano, na jibu langu mwenyewe, limenukuliwa kikamilifu.

Halafu kulikuwa na karatasi ya nyuma. Huku, mwenye kura asiyekubaliana na hukumu anaandika kwa nini, na maneno yake yanabandikwa mwishoni. Walikuwa wawili. Mzee mwenye kifaa cha kusikia na msichana mwenye pete ya pua. Waliandika kwamba mtoto ameishi na mama yake tangu azaliwe, kwamba wiki tano ni kosa lakini si maisha, kwamba abaki kwangu. Mistari sita. Sijawahi kusoma kitu kizuri hivyo juu yangu, na hakina kazi.

Bibi aliniita sebuleni kuuliza kama mume wake amerudi. Nilimwambia bado. Nikampigia wakili.

"Wawili kwa wawili," nilimwambia. "Sasa nani ameshinda?"

"Kura zikilingana, upande wa jaji ndio hukumu."

"Kwa hiyo jaji na yule wa baiskeli."

"Ndiyo."

"Na yule mama wa Morogoro angekaa?"

"Hujui angepiga kura gani."

"Najua."

"Hujui," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Huenda angesikia jibu lako na angekukatalia yeye mwenyewe. Nisikilize. Tunakata rufaa. Lakini mahakama ya rufaa lazima kwanza ikubali kukusikiliza, na itaangalia jambo moja tu: je, huyu mama anakabidhi mtoto au hakabidhi? Ijumaa umpeleke. Kwa wakati. Ukichelewa dakika kumi umetumaliza wote."

Nimesema mimi ni mtu wa kufunga mlango. Ile Alhamisi nilisimama mbele ya mlango wangu nikauangalia ule ufunguo. Kulikuwa na chakula cha wiki mbili kwenye friji. Nilijua nani angenificha kule Jakobsberg, na nani angenipeleka hadi kwenye feri ya kutoka nchini. Mwili wangu wote ulitaka hivyo, kama unavyotaka kukohoa. Na kila nilipofika hapo nilimwona yule mwanamume anaandika.

Ijumaa nikapanga nguo za mtoto kwenye begi lake. Tulipanda treni. Alikuwa anahesabu stesheni kwa Kiswidi, akikosea anarudia kuanzia mwanzo, na abiria wanatabasamu. Katikati ya safari aliuliza, kwa Kiswidi tu, "Siku ngapi?" Nikamwambia, "Wikiendi hii uko kwa baba." "Halafu?" Nikamwambia, "Hesabu, umeruka moja." Akarudi kuhesabu.

Baba yake alikuwa ameshafika stesheni ya Södertälje, amesimama jukwaani, mikono mfukoni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu. Sikumkabidhi. Tulikaa kwenye benchi, mimi na mtoto, dakika zote tatu, na yeye akasimama anatuangalia bila kuelewa. Saa nane kamili nikanyanyuka, nikampa mkono wa mtoto, kisha nikatoa karatasi na kalamu.

"Hii nini?"

"Soma."

Ilikuwa imeandikwa: mtoto amekabidhiwa na mama, Södertälje, saa nane kamili, bila ugomvi. Nilikuwa nimeacha nafasi ya sahihi.

"We mwanamke umeanza lini kuandika?" alisema, na akacheka, lakini si sana.

"Saini."

"Mbele ya mtoto?"

"Saini, treni yangu inaondoka."

Alisaini akiegemeza karatasi kwenye nguzo. Mtoto alinipungia mkono mara moja, kisha kitu kingine kikamvuta macho, mtu na mbwa. Nimeshafika Södertälje mara sita sasa, hiyo ya kwanza na kila wikiendi yangu inapoisha. Ninazo karatasi sita, zote za saa nane kamili, na wakili wangu amezituma. Mahakama ya rufaa bado haijasema kama itanisikiliza.